Mikono Tisa

Neasden, London
14 Januari 2025

Kwa dada yangu Ummukulthum,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao Thuwaiba na watoto wake pacha, na kwamba baridi ya Ohio haijakugandisha. Huku hatujambo. Miska anakusalimu, na anauliza kwa nini wifi yake ameondoka na mbuzi yake ya kukunia nazi, na askari wa uwanja wa ndege walisemaje walipoiona kwenye sanduku. Mimi goti la kulia limeanza kulalamika kwenye ngazi. Miska anasema goti halina kosa, ni tumbo linalolielemea. Sina ushahidi wa kumpinga.

Umetaka tuandikiane kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mimi nacheka, na mtu anayecheka hahojiki. Haya, nimetii. Nimenunua stempu, na bibi wa posta akaniangalia kama nimetoroka makumbusho.

Sasa shughuli yenyewe. Umesema niyaandike yote, hata unayoyajua, tusije tukabishana baadaye. Fomu yako ya kugombea usimamizi wa maziko ninayo, na mimi ndiye katibu wa chama cha jamii yetu hapa London, kwa hiyo imefika inapotakiwa. Mkutano mkuu ni Jumapili tarehe 23 Februari, ukumbi uleule nyuma ya Edgware Road. Utashindana na Bwana Matar, ambaye ameshika nafasi hiyo miaka kumi na moja, na hii ndiyo mara ya kwanza mwanamke kugombea tangu mlipopata haki ya kura mwaka juzi. Kura ni ya kunyanyua mikono, na asiyekuwepo huruhusiwa kugombea.

Penye sababu ya kugombea umeandika mistari miwili tu: kwamba mama yetu alikaa siku sita kwenye jokofu la hospitali kabla hajazikwa, na hutaki mama wa mtu mwingine akae hata mbili. Nimeisoma. Maandishi yako bado mazuri kuliko yangu.

Mvua hapa haijakatika tangu ulipoondoka. Wabusu pacha.

Nduguyo,
Munir

*

Columbus, Ohio
3 Februari 2025

Mdogo wangu Munir,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika, stempu imebandikwa kichwa chini, nikajua kweli ni wewe. Sisi wazima. Pacha mmoja analala mchana na mwengine usiku, wamegawana zamu ili bibi yao asipumzike. Mwambie Miska mbuzi yake ipo, na mjukuu wangu mkubwa anadhani ni farasi.

Thuwaiba ananipeleka maktaba kila Alkhamisi ili nione watu. Kuna kikundi cha kina mama, na kiongozi wao ni Bi Harrison, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi wa miaka themanini na mbili, anayesema polepole kama mtu aliyebeba sinia ya mayai. Wanasoma yaliyowapata wanawake wa Kimarekani baada ya kupata kura mwaka 1920. Mimi nilidhani hadithi inaishia hapo: wamepata kura, wameshangilia, basi. Kumbe ndipo inapoanza. Walikata nywele, wakafupisha magauni, wakajifunza kuendesha magari na kupiga taipu maofisini. Lakini mwalimu wa kike akiolewa, sehemu nyingi alifukuzwa kazi. Kura anayo, ila majimbo mengine yalikaa miaka na miaka hayamruhusu kuwa miongoni mwa raia wanaoamua kesi mahakamani, hata ya mwizi wa kuku. Na bibi yake Bi Harrison, huko Georgia, kwa kuwa mweusi, alipokwenda kujiandikisha aliulizwa maswali ambayo muulizaji mwenyewe hakuyajua majibu yake. Amekufa hajapiga kura hata moja.

Nikamuuliza Bi Harrison, sasa kura ile ilibadilisha nini? Akasema, "Ilibadilisha kisingizio. Zamani walituambia hatuna haki. Baadaye wakatuambia, haki si mnayo, sasa kelele za nini?"

Nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimsikia Bwana Matar.

Kwa hiyo nisikilize. Waambie kina Miska chakula kipakuliwe baada ya kura, si kabla. Nawajua wenzangu. Mwaka huu watataka kupika mara mbili ili asitokee mtu wa kusema kura imewatoa jikoni. Wewe ndiye katibu, ajenda iko mkononi mwako. Panga kura iwe ya kwanza.

Dada yako,
Ummukulthum

*

Neasden, London
10 Machi 2025

Dada yangu,

Ramadhani karim. Barua yako imetembea wiki tatu na zaidi, imefika tarehe 27, siku nne baada ya mkutano. Sijui ilipitia wapi. Pengine ilisimama njiani ikajifunze kuendesha gari.

Funga inakwenda vizuri. Miska amefanya tambi za sukari na kaimati, na mimi nimeahidi tena kwamba mwezi huu nitapungua, na tena mwezi unanishinda. Jumamosi nilikwenda Edgware Road kununua tende nikakuta foleni ya Waomani hadi nje, wote wanachagua moja moja kama wanaoza binti. Nimerudi na aina tatu. Ofisini, kule halmashauri, wamenihamisha dirisha, kutoka la nne kwenda la pili. Ni lilelile la watu wanaokuja na karatasi wasizotakiwa kuja nazo, ila hili liko karibu na mlango, kwa hiyo nawakera na baridi ikinipiga.

Bi Harrison wako nampa salamu. Usirudi umekata nywele, dada, Miska atataka na zake.

Mkutano ulikwenda salama. Watu walikuwa wengi, na biriani ilikuwa nzuri sana.

Nduguyo,
Munir

*

Columbus, Ohio
29 Machi 2025

Munir,

Eid njema kwako na kwa Miska. Pacha wameota meno.

Umeniandikia habari za tende aina tatu, dirisha na tambi. Mkutano umeupa mstari mmoja, na ndani ya mstari huo umeweka biriani.

Ningeweza kumpigia Miska, nikajua kila kitu kabla chai haijapoa. Sikumpigia. Nimewaambia na wengine wasiniambie, wakaniona nimeingiwa na wazimu wa uzee. Nataka kukisikia kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na fomu yangu.

Fomu ilisomwa? Kura ilipigwa saa ngapi? Nilipata ngapi?

Ummukulthum

*

Neasden, London
22 Aprili 2025

Dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimeianza barua hii mara nne. Miska kauliza kama naandika wasia.

Fomu ilisomwa. Niliisoma mimi, kwa sauti, hadi mwisho. Umepata mikono tisa. Bwana Matar kapata thelathini na minne.

Ukumbini tulikuwa arobaini na watatu tu. Wanawake, ukiwatoa wazee wawili wasioweza kusimama kwa miguu, wote walikuwa jikoni. Ulivyotabiri ndivyo ilivyokuwa: walipika biriani na mchuzi na vitu vya kukaanga, sijapata kuona, na kila mmoja alitaka sinia lake litoke la kwanza. Ajenda niliiandika kama tulivyozoea, kura mwisho. Tulipofika nusu harufu ikaanza kupita chini ya mlango, na Bwana Matar, aliyekuwa kiti cha mbele, akasema, "Jamani, tumalize mambo ya kura wakati kina mama wanapakua, chakula kisipoe." Watu wakacheka, wakakubali. Hakuna aliyeona kibaya. Nasema kweli, dada, wengine hata hawakuwa wanakupinga. Walikuwa na njaa.

Nilikwenda hadi mlango wa jikoni. Feni linanguruma, sahani zimepangwa mpaka kwenye madirisha, Miska ameshika upawa na jasho linamtiririka. Nikarudi.

Walipotoka na masinia kura ilikuwa imekwisha. Miska aliweka lake mezani akaniuliza, "Tunaanza saa ngapi?" Nikamwambia tumeshamaliza. Akasema wale watu wa meza ya nyuma hawana kachumbari, akaenda kuichukua.

Baadaye kina mama walimwendea Bwana Matar, wakadai kura irudiwe. Akawajibu kwa upole kabisa kwamba haki ya kura wanayo, mlango wa jikoni haukufungwa kwa kufuli, na utaratibu hauruhusu kurudia mpaka mwakani. Nikaangalia katiba ya chama. Hairuhusu kweli. Niliiandika mimi.

Niwie radhi.
Munir

*

Columbus, Ohio
12 Mei 2025

Munir,

Hatujambo. Mvua imekuja na maua mengi yanayompigisha Thuwaiba chafya.

Kwanza nawaonea hasira wenzangu. Miaka minne tumekwenda nyumba hadi nyumba, tumekalishwa kwenye makochi ya watu tukiomba haki ya kura kama tunaomba chumvi. Siku ya kuitumia wanashindana kwa masinia. Niliwasema kwa Bi Harrison mpaka kahawa ikapoa. Akaniambia kwao wapo waliokuwa wakitoka kupiga kura mbiombio ili mume asikute meza haijaandaliwa, na kwamba niwasamehe, kwa sababu hakuna aliyewapa ruhusa ya kuacha lile la zamani walipoongezewa hili jipya. Nimewasamehe nusu.

Sasa wewe. Ulikwenda mpaka mlangoni. Ukasema nini? Barua yako inasema ulikwenda, inasema ukarudi. Katikati hapana neno.

Tena ulipoandika kwamba nimepata tisa, nilifungua simu, nikawaruhusu watu kusema. Wamenipigia watu tisa kunipa pole, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akasema alininyanyulia mkono. Saba wanaume, na wale wazee wetu wawili. Nimewaandika kwenye karatasi. Wote ni watu ninaowaamini. Nimewahesabu mara tatu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hesabu yao imetimia bila wewe, Munir.

Ummukulthum

*

Neasden, London
16 Juni 2025

Dada,

Eid imepita. Tulikwenda kwa mjomba Ilford, tukala, tukarudi. Sina habari nyingine ya kujificha nyuma yake.

Mlangoni sikusema kitu. Feni lilikuwa linanguruma, lakini ningeweza kupaza sauti. Nina sauti. Na kura yangu nilimpa Bwana Matar.

Nitakwambia kwa nini, na ukimaliza unaweza kuichana.

Mama alikufa Ijumaa kwenye hospitali ya kule upande wa Tooting. Nikawaambia wote msishughulike, karatasi niachieni mimi, mimi ndiye mtu wa halmashauri. Daktari alizipeleka siku ileile kwenye ofisi ya kuandikisha vifo ya manispaa ya kule, kwa sababu kifo huandikishwa pale kilipotokea. Mimi nikaweka miadi kwenye manispaa yetu, kwa sababu ndiko alikoishi, na kwa sababu nilidhani najua. Jumatatu nikakaa kwenye kiti, nimevaa tai, yule bibi wa nyuma ya kioo akaniambia kwa heshima, "Samahani, si hapa, ni kule." Maneno yangu mwenyewe, dada. Miaka kumi na tisa nalipwa mshahara kuwaambia watu maneno hayo. Miadi ya kule ikapatikana Alkhamisi.

Nikatoka nje nikakupigia. Ukauliza, kumetokea nini? Nikasema hospitali imechelewesha karatasi.

Nilidhani ni uongo wa siku moja. Ukapata miguu. Chama kizima kikailaani hospitali. Mkutano ukaamua tuwaandikie malalamiko, na mwandishi ni nani? Katibu. Nikaandika kurasa mbili, kali, nikapiga na muhuri. Na wao, masikini, wakajibu kwa kuomba radhi.

Tangu hapo kila unaposimama kusema habari ya siku sita za Mama, mimi hutazama viatu vyangu. Ungeshinda, jambo la kwanza ungefanya ni kuuliza: zilikuwa siku sita kwa sababu gani, nani alikwenda wapi, tarehe ngapi. Mimi ningekuwa kwenye kiti cha katibu, nakuandikia majibu.

Bwana Matar haulizi kitu.

Munir

*

Columbus, Ohio
5 Julai 2025

Mdogo wangu,

Sikuichana.

Nilijua. Jumanne ya wiki ile nilikwenda hospitali peke yangu kupigana nao, na yule binti wa ofisini akanionyesha kwamba karatasi zimetoka tangu Ijumaa. Nikarudi nyumbani nikakukuta umekaa kwenye kitanda cha Mama, unalia, miwani umeikalia. Nikaona nikikwambia wakati ule nitakuvunja. Kesho yake nikaona bado. Baadaye ikawa mazoea. Ule muhuri wako kwenye barua ya malalamiko niliuona, nikatoka nje ya ukumbi nikasimama kwenye mvua.

Hizo siku sita nilikusamehe kabla ya kisomo cha khitma ya Mama. Kumkosea mama mzazi kwa kumhangaikia ni kosa la kibinadamu.

Mkono wako sijausamehe. Mimi sikugombea ili nikufichue. Ningetaka hivyo nisingekaa kimya miaka mitatu. Niligombea kwa sababu wanaoosha maiti wa kike ni sisi, tunaokaa na binti zao ni sisi, na bado hatuambiwi hata karatasi iko ofisi gani. Nilidhani siku ya kura utaninyanyulia mkono, na mimi nitaelewa, na hatutahitaji kulisema kabisa. Nilikuwa nimeshajitayarisha kuelewa.

Thuwaiba anauliza kwa nini nasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Sikuombi kitu. Usinijibu haraka.

Ummukulthum

*

Neasden, London
18 Agosti 2025

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Umesema nisijibu haraka, na kwa hilo angalau nimekutii.

Kwanza nilimwambia Miska. Alikuwa anakunja nguo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka mitatu nimeilaani hospitali ya watu kwenye sala," akabeba kapu akapanda nalo juu. Siku nne alinipikia, akaniwekea mezani, akala chumbani.

Siku ya tano akaniambia nivae, twende kwenye darsa lao la Jumamosi, lile la kufundishana kuosha maiti. Nilikuta wanawake kumi na tisa kwenye viti vya plastiki. Nikasimama nikasema yote, pamoja na tai. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nimejitayarisha hata kwa huruma. Havikuja. Walitoa kalamu. Wakaniuliza: utajuaje hospitali iko manispaa gani? Wikendi kuna mtu wa kupigiwa? Nikasema ipo namba ya maziko ya dharura kwenye manispaa nyingi, hata ile ya Tooting ilikuwa nayo. Mmoja akauliza, ile Ijumaa namba hiyo uliijua? Nikasema ningeuliza ningeijua. Akaandika na hilo. Saa moja na nusu, dada. Sijawahi kuhojiwa hivyo hata nilipoomba uraia.

Jumatano iliyopita Bi Salme, yule mama yake Hemed wa Tooting, alifariki alfajiri. Inna lillahi. Wanawake walikuwa ofisini milango inafunguliwa, saa nne wana karatasi, adhuhuri wamemwosha, alasiri tukamsalia na kumpeleka. Bwana Matar alipigiwa simu saa saba kuambiwa gari litapita wapi. Mimi nilipigiwa saa saba na robo.

Tulipokwisha kufukia, unajua ilivyo kwetu, pale hasimami mwanamke, Bwana Matar akageuka akaishukuru kamati yake ya maziko kwa kazi ya haraka, kazi ya kujivunia. Wanaume hamsini wakasema amin. Nikasikia na mimi mdomo wangu umeshafunguka kuitikia.

Nikasema, "Bwana Matar, kamati haikufanya kitu. Kazi yote wameifanya kina mama. Sisi tumeitwa tuje tusali." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema kilichompata Mama, na ofisi niliyokwenda, na kwamba ile barua ya malalamiko ni uongo wangu.

Mtu mmoja alikohoa. Bwana Matar akasema haya mahala pake si hapa, akaanza dua. Kwenye magari watu walizungumza habari za mpira. Usimamizi bado ni wake mpaka Februari, na wala usidhani nimebadilisha kitu; jana kaniletea taarifa ya mwaka niitie saini, na mazishi ya Bi Salme yameandikwa chini ya jina lake. Sikuitia. Atatafuta mwengine wa kuitia.

Nilipofika nyumbani Miska aliuliza kumekwendaje huko. Nikasema salama. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia, maana pale makaburini hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kunisikia.

Nduguyo,
Munir